Kizuri Chajiuza? Jinsi Wakulima wa Machungwa na wa Kahawa Walivyowavuta Wenye Maduka Upande Wao

Wazee wetu walituachia methali isemayo: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi wakulima twaipenda sana methali hii, maana yatupa heshima. Yatuambia kwamba mtu akipalilia vizuri, akachuma kwa wakati, akaanika na kuchambua bila uvivu, basi mnunuzi atakuja mwenyewe bila kuitwa. Lakini kila inapofika hoja ya makato ya kutangaza mazao, methali hii husimama katika mkutano kama shahidi wa upande mmoja. Mwanachama huinuka akauliza: "Ikiwa mazao yetu ni mazuri, ya nini kukatwa senti ili yatembezwe?"

Swali hilo si la kipuuzi, wala halistahili kuzimwa kwa kugonga meza. Ni swali la mtu aliyeamka alfajiri, aliyelala na njaa ili apate dawa ya kunyunyizia mimea yake, naye ana haki ya kujua kila senti imekwenda wapi. Kwa hiyo, katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, nimeona vema nisilijibu kwa maneno matamu bali kwa historia. Nitaeleza habari za wakulima wa machungwa wa California, katika nchi ya Marekani, na za wakulima wa kahawa wa Colombia, huko Amerika ya Kusini. Hao nao waliulizana swali lile lile, wakabishana, wakakatwa senti, na mwisho majina ya mazao yao yakajulikana pande nyingi za dunia.

Wote wawili walitambua jambo moja ambalo ndilo kiini cha habari hii. Kati ya shamba na mdomo wa mlaji amesimama mtu mmoja, naye ni mwenye duka. Akilipenda zao lako, litauzwa. Asipolipenda, hata likiwa zuri kama nini, litaoza mbele ya macho yake, naye hatalia, maana ataagiza jingine.

WINO MWEKUNDU

Katika mwaka wa 1873 bibi mmoja mkaaji wa Riverside, California, jina lake Eliza Tibbets, alipata kutoka Idara ya Kilimo ya Washington miche ya aina ya machungwa yasiyo na mbegu, ambayo asili yake ni Bahia, katika nchi ya Brazil. Miche ile ilistawi ajabu katika jua la California. Machungwa yake yalikuwa makubwa, matamu, mepesi kumenya, tena yaliiva wakati wa baridi, ambapo matunda mabichi ni haba katika miji ya mashariki. Watu wakapanda kwa pupa. Reli ilikuwa imekwisha kufika, na katika mwaka wa 1877 behewa la kwanza la machungwa lilisafirishwa mpaka mji wa St. Louis.

Basi, kwa hesabu za methali yetu, watu hao wangalitajirika. Walikuwa na kizuri, tena kizuri hasa. Yaliyowapata ni kinyume chake. Kila mkulima alimkabidhi dalali machungwa yake, naye dalali akayapeleka mashariki kwa dhamana ya mkulima mwenyewe. Mji mmoja ulipata mabehewa kumi siku moja, na mji wa jirani usipate hata moja. Machungwa yalipooza, hasara ilikuwa ya mkulima. Bei ilipoanguka, hasara ilikuwa ya mkulima. Dalali alikata ujira wake kwanza, reli ikakata nauli, mwenye kufungasha akakata chake, kisha mkulima akaletewa karatasi ya hesabu. Mara nyingi karatasi ile haikuwa na malipo; ilikuwa na deni, limeandikwa kwa wino mwekundu. Mtu ametoa matunda ya mwaka mzima, naye adaiwa nauli ya kuyapeleka! Miaka ile ya mwanzo wa 1890 hata leo hukumbukwa huko kuwa miaka ya wino mwekundu.

Shida hiyo ndiyo iliyozaa ushirika wao. Katika mwaka wa 1893 vyama vya wakulima vya sehemu mbalimbali viliungana, vikaunda chama kikuu kilichoitwa Southern California Fruit Exchange. Muundo wake hautakuwa mgeni kwa msomaji wa kijitabu hiki. Wakulima wa kijiji walikuwa na chama chao cha msingi chenye banda la kufungashia. Vyama vya msingi vilikuwa na chama cha wilaya. Na juu yao wote kilikaa chama kikuu, chenye mawakili wake katika miji ya mbali, ambao walipeleka habari za soko kwa simu ya maandishi ili mabehewa yaelekezwe kwenye upungufu, si kwenye wingi. Katika mwaka wa 1905 chama hicho kilibadili jina, kikaitwa California Fruit Growers Exchange.

Haikuwa njia iliyonyooka. Katika mwaka wa 1903 walijaribu kuungana na wafanyabiashara wa kufungasha matunda ili kuwe na muuzaji mmoja. Muungano huo haukudumu hata miaka miwili, wakaachana. Jambo hili nalitaja ili tusidhani kwamba wenzetu walizaliwa wakijua. Walijikwaa kama sisi, tofauti ni kwamba walipojikwaa hawakuvunja chama.

JARIBIO LA IOWA

Ushirika uliondoa wino mwekundu, lakini ulileta shida mpya. Miti iliyopandwa kwa pupa ilianza kuzaa, na machungwa yakazidi kuwa mengi kuliko walaji. Wamarekani wengi wakati huo walilihesabu chungwa kuwa kitu cha sikukuu, cha kumtia mtoto mkononi wakati wa Krismasi, si chakula cha kila siku. Hapo viongozi wakaleta hoja ya kutangaza.

Ndugu Mwanachama, fikiri ugumu wa hoja ile. Wakati huo zilitangazwa sabuni, dawa za chupa, na vyakula vya makopo, yaani vitu visivyooza. Kutangaza tunda bichi lilikuwa jambo geni. Wako wakulima walioona kwamba ni upuuzi kumwaga fedha magazetini kwa ajili ya kitu ambacho juma lijalo kitakuwa kimeota ukungu. Wengine waliuliza, na kwa haki, kwamba tukitangaza machungwa, je, hatutamfaidia na yule asiyekuwa mwanachama?

Viongozi hawakulazimisha. Walisema: na tujaribu mahali pamoja, kisha tuhesabu. Kampuni ya reli ya Southern Pacific, ambayo faida yake ilikuwa katika mizigo mingi, ilikubali kuchangia. Chama kikatoa dola 10,000, na katika mwaka wa 1907 likachaguliwa jimbo moja tu, jimbo la Iowa, nchi ya wakulima wa mahindi. Magazeti ya huko yakajazwa picha na maneno ya kusifu machungwa ya California kuwa ni afya. Magarimoshi yenye mabehewa ya machungwa yakaingia jimboni yakiwa yamepambwa kwa vitambaa vyenye maandishi makubwa, watu wakatoka majumbani kuyatazama.

Kisha wakahesabu. Mauzo ya machungwa yao katika Iowa yaliongezeka kwa asilimia 50, hali katika nchi nzima yaliongezeka kwa asilimia 17 na kitu. Tofauti hiyo ndiyo iliyonyamazisha ubishi. Hawakushindwa kwa hotuba, walishindwa kwa daftari; na wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

KIJIKO KILICHOMTIA ADABU MWENYE DUKA

Mwaka uliofuata, 1908, walipata jina: Sunkist, yaani lililobusiwa na jua. Jina hilo waliliwekea mwiko. Halikuruhusiwa kuvaliwa na kila chungwa la mwanachama, ila chungwa la daraja la kwanza tu, nalo lilifungwa katika karatasi nyembamba yenye jina hilo.

Lakini hapa ndipo walipomkuta mwenye duka. Walikuwa wamesema na mlaji kwa njia ya gazeti, na mlaji amesikia. Alipofika dukani kuuliza, mwenye duka alifanya nini? Wengi walikuwa wakiyavua machungwa karatasi na kuyamwaga sandukuni pamoja na mengine. Wengine waliuza chungwa la kawaida kwa sifa za lile lililotangazwa. Si kwa uovu wa moyo, bali kwa sababu hakuna aliyewaonyesha faida ya kufanya vinginevyo. Kwao chungwa lilikuwa chungwa. Hivyo fedha ya mkulima ilisafiri mpaka mlangoni pa duka, ikafia pale.

Dawa ya kwanza waliyoitumia ilikuwa ya werevu. Walitangaza kwamba mtu atakayekusanya karatasi 12 za Sunkist na kuzipeleka pamoja na senti chache za posta, atapewa kijiko cha fedha cha kulia chungwa. Sasa mama mwenye nyumba hakutaka chungwa tu. Alitaka chungwa lililo katika karatasi yake. Mwenye duka aliyezoea kuitupa karatasi akajikuta akiulizwa mchana kutwa, na asiyekuwa nayo akawaona wateja wake wakivuka barabara. Kufikia mwaka wa 1910 vijiko vilivyodaiwa vilifika kama milioni moja, hata ikasemwa kwamba hapana mnunuzi mkubwa wa vijiko duniani kuliko chama cha wakulima wa machungwa.

Kijiko kilimtia adabu mwenye duka, lakini adabu si urafiki. Mtu aliyelazimishwa hukutumikia mradi siku ipite. Kwa hiyo wakulima wale wakachukua hatua ya pili, nayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote.

WATU WALIOZUNGUKA NA PENSELI

Chini ya uongozi wa G. Harold Powell, aliyekuwa meneja mkuu tangu mwaka wa 1912 mpaka 1922, chama kiliweka idara maalumu ya kuwahudumia wenye maduka. Watu wa idara hiyo hawakuwa wauzaji. Hawakuchukua oda wala fedha. Kazi yao ilikuwa kuzunguka mji kwa mji, duka kwa duka, wakimsaidia mwenye duka kuuza. Walimpangia machungwa dirishani yavutie macho ya mpita njia. Walimpa picha na karatasi za rangi bila malipo, zinazofanana na zile ambazo mteja ameziona gazetini, ili tangazo la gazetini na la dirishani yasemezane. Walimfundisha kuyachagua yaliyoanza kuharibika asubuhi mapema kabla hayajaambukiza mengine.

Zaidi ya yote walimfundisha hesabu. Mwenye duka wa siku zile aliliogopa tunda bichi. Kwa kuwa alijua sehemu itaoza, alipandisha bei ili waliobaki wamlipie waliooza. Bei ilipopanda, watu walinunua polepole. Waliponunua polepole, yakaoza zaidi. Yalipooza zaidi, akapandisha bei tena. Kumbe ugonjwa na dawa vilikuwa kitu kimoja.

Nieleze kwa mfano wangu mwenyewe, kwa shilingi zetu, ili kila mtu aone. Tuseme mwenye duka amenunua sanduku la machungwa 150 kwa shilingi 15, yaani senti 10 kila moja. Akiliuza chungwa moja senti 20, anadhani atapata faida ya shilingi 15. Lakini kwa bei hiyo sanduku lakaa majuma mawili, na machungwa 30 yaoza. Yaliyobaki 120 yampa shilingi 24. Faida yake ni shilingi 9. Sasa tuseme ameuza kwa senti 15. Watu wananunua upesi, sanduku lakwisha kwa siku tatu au nne, na yaoza 5 tu. Yale 145 yampa shilingi 21 na senti 75. Faida ni shilingi 6 na senti 75. Faida ya sanduku moja imepungua, ni kweli. Lakini katika majuma yale mawili amemaliza masanduku manne, na faida yake yote ni shilingi 27. Mlaji amepata chungwa kwa bei nafuu, mwenye duka amepata mara tatu, na mkulima ameuza masanduku manne mahali alipokuwa akiuza moja.

Hesabu ya namna hii ndiyo iliyombadilisha mwenye duka kuwa mtu wa wakulima. Hakusukumwa na huruma, wala hakuombwa msaada kwa ajili ya mkulima maskini wa mbali. Alionyeshwa kwamba zao la mkulima likienda vizuri, na yeye aenda vizuri.

Tangu hapo kazi ya chapa ikawa rahisi zaidi. Katika mwaka wa 1916 chama kilianza kuwahimiza watu kunywa maji ya chungwa, si kula tu. Maana mtu hula chungwa moja akatosheka, bali bilauri moja yataka mawili au matatu. Hawakuishia kusema, walisambaza vikamulio vya kioo vya bei ndogo kwa ajili ya majumbani, na baadaye mashine za kukamulia za umeme kwa ajili ya maduka ya vinywaji baridi. Muuza vinywaji aliyekuwa na mashine ile mezani pake, yenye jina la Sunkist, alikuwa tangazo lililo hai. Na kwa kuwa wadanganyifu hawakukoma, katika mwaka wa 1926 walianza kulipiga muhuri ganda lenyewe la chungwa. Karatasi huvuliwa, ganda halivuliki mpaka chungwa linaliwa. Jina likavuka mipaka ya Marekani. Katika mwaka wa 1952 chama chenyewe kikaliacha jina lake la zamani, kikachukua jina la chapa yake, kikaitwa Sunkist Growers.

Gharama zote hizi zilitoka wapi? Zilitoka katika makato ya senti chache kwa kila sanduku, ya mkulima mkubwa na mdogo kwa kipimo kimoja.

MKULIMA NA NYUMBU WAKE

Wenye mazao yasiyoliwa kama yalivyochumwa wanaweza kusema: "Hayo ni ya machungwa. Kahawa yetu ikifika ng'ambo hukaangwa, ikasagwa, ikachanganywa. Nani atajua ilitoka wapi?" Hilo ndilo swali lililowakabili watu wa Colombia.

Wakulima wa Colombia waliunda Shirikisho la Taifa la Wakulima wa Kahawa katika mwaka wa 1927. Kahawa yao ilisifiwa na wajuzi, lakini mnywaji wa New York hakuijua. Wakaangaji waliichanganya na kahawa nyingine, wakaweka jina lao wenyewe juu ya kopo, na jina la Colombia likapotea humo kama chumvi katika mchuzi. Baada ya mwaka wa 1954 bei ya kahawa duniani ilianguka, na Shirikisho likaona kwamba zao lisilo na jina halina mtetezi siku ya shida.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 waliiajiri kampuni ya matangazo ya Doyle Dane Bernbach ya New York. Hapo akazaliwa Juan Valdez, mkulima mwenye masharubu, kofia pana na blanketi begani, akifuatana na nyumbu wake Conchita. Hakuwa mtu wa kweli; aliigizwa kwanza na José F. Duval, kisha tangu mwaka wa 1969 na Carlos Sánchez, mwenyeji wa Colombia mwenyewe, mpaka mwaka wa 2006 alipompokeza Carlos Castañeda. Lakini alichosema kilikuwa cha kweli: kwamba kahawa hii huota milimani, huchumwa kwa mkono, punje iliyoiva peke yake.

Tuangalie jinsi walivyompata mwenye duka. Wakulima hawa hawakuwa na kopo la kuweka rafuni. Waliokuwa nalo ni wakaangaji, na mwenye duka alisikiliza wakaangaji. Wakulima wakafanya hivi: walimlipia mkaangaji sifa ambayo yeye hakuilipia. Mnywaji alipoanza kuiulizia kahawa ya Colombia kwa jina, mwenye duka akamuuliza mkaangaji, na mkaangaji akaona kwamba jina ambalo jana alilificha leo lamletea wateja. Katika mwaka wa 1981 Shirikisho lilitoa nembo yenye sura ya Juan Valdez, nyumbu wake na milima, na sharti lake lilikuwa moja: iwekwe tu juu ya kopo ambalo kahawa yake ni ya Colombia tupu, asilimia 100, bila kuchanganywa. Mkaangaji aliyekubali alipata nembo inayojulikana na kila nyumba. Aliyechanganya alibaki na jina lake peke yake.

Huo ndio mwiko ule ule wa Sunkist katika vazi jingine. Chapa hutolewa bure kwa mwaminifu, hunyimwa asiyekuwa mwaminifu hata akitoa fedha. Katika mwaka wa 2002 wakaenda hatua zaidi: walifungua duka lao la kwanza la kuuza vikombe vya kahawa, katika kiwanja cha ndege cha Bogotá, na baadaye mengine katika nchi za nje. Na katika mwaka wa 2007 jina la kahawa ya Colombia lilipata ulinzi wa sheria katika nchi za Umoja wa Ulaya.

YALE AMBAYO CHAPA HAIWEZI

Nisingekuwa mwandishi mwaminifu kama ningeishia hapo. Chapa si hirizi. Katika dhiki kuu ya miaka ya 1930 machungwa mengi ya California yaliharibiwa makusudi ili bei isianguke, hali watu wenye njaa walikuwa wakiyatazama. Katika mwaka wa 1936 wachumaji wa machungwa wa Orange County, wengi wao watu wa asili ya Meksiko, waligoma kudai ujira wa haki, nao walikandamizwa kwa ukali. Jina lililong'aa madirishani halikumfikia aliyebeba ngazi shambani.

Kadhalika Colombia. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa uliokuwa ukigawa mafungu ya mauzo ulivunjika katika mwaka wa 1989, na bei zikaporomoka. Katika mwaka wa 2001 ratili moja ya kahawa katika soko la New York ilikuwa chini ya senti 50 za dola. Juan Valdez hakuweza kulizuia gharika hilo. Chapa humsaidia mkulima asimame mbele kidogo ya wenzake katika foleni; haiwezi kumgeuzia soko la dunia nzima.

JINA LETU LIKO MIKONONI MWA NANI?

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Wakulima wa Kilimanjaro walianza umoja wao wa kwanza wa kahawa katika mwaka wa 1925, na chama kikuu chao, KNCU, katika mwaka wa 1933. Leo mtu akiingia dukani Japani ataikuta kahawa iliyoandikwa Kilimanjaro, nayo yapendwa sana. Lakini kwa kanuni za biashara za huko, jina hilo laweza kutumiwa kwa kahawa ya arabika ya Tanzania kwa jumla, isipokuwa ya Bukoba. Na kahawa iliyochanganywa yaweza kulibeba jina la mahali ikiwa asilimia 30 tu imetoka hapo. Yaani mlima ni wetu, kahawa ni yetu, lakini kanuni ya nani alivae jina na kwa kipimo gani imewekwa na wenye biashara wa kule. Hapana dhuluma iliyofanywa. Walilikuta jina liko barabarani, wakaliokota, wakalitunza. Sunkist na Juan Valdez hayakuokotwa na mtu, kwa sababu wenyewe waliwahi kuyatunza.

Basi mafunzo ni yapi? Kwanza, mwiko wa daraja. Siku tutakapoliruhusu jina letu likae juu ya gunia baya ili kumpendeza mwanachama mmoja, tutakuwa tumewaibia wote. Pili, tujaribu mahali padogo, tuhesabu, kisha tuamue, kama walivyofanya Iowa. Wenye ofisi wasiogope kuulizwa hesabu; waliokatwa wana haki ya kuiona. Tatu, mwenye duka tusimwone kuwa adui wala tusimwombe huruma. Tumfikie na penseli, tumwonyeshe faida yake, nasi tutapata yetu. Nne, tumkumbuke mchumaji, maana sifa isiyofika shambani ni sifa ya wizi.

Narudi kwenye methali. Wazee hawakukosea. Kizuri chajiuza, lakini hapo kale kilijiuza sokoni, ambapo mnunuzi alikishika kwa mkono wake, akakinusa, akamtazama usoni aliyekilima. Leo mnunuzi wetu yuko mbali sana, wala hatuoni kamwe. Uso anaouona ni wa mwenye duka. Kwa hiyo kizuri bado chajiuza, ikiwa mtu aliye mlangoni pa duka amekijua uzuri wake na ameona faida ya kuusema.

Miaka 10 iliyopita tulijifunza kukusanya mazao yetu mahali pamoja. Miaka 10 ijayo na tujifunze kuyafuata mpaka rafuni. Idumu Ushirika wetu.